Amani si Kimya

Katika mji wetu wa Uvira ni maneno machache yanayotajwa mara nyingi kama neno amani. Twalisikia redioni asubuhi, twalisoma milangoni pa magari ya mashirika, twaliimba kanisani. Watoto wengi wamebatizwa kwa jina la Amani, wavulana na wasichana. Tena, kila mara vita vinapotuchosha, wakubwa hukutana katika mji wa mbali, hutia sahihi, na jioni ile ile twaambiwa: amani imepatikana.

Neno linalotumiwa hivyo lafanana na noti ya faranga iliyopita mikono mingi mno: bado yaitwa pesa, lakini namba yake haisomeki vizuri. Basi leo twataka kulitandaza neno hili mezani na kulitazama pamoja na majirani zake. Wala msidhani kwamba hii ni kazi ya walimu wa lugha tu. Mtu aliyekimbilia ng'ambo ya mto Ruzizi akisikia kwamba amani imerudi, hufunga mzigo wake na kuwarudisha watoto nyumbani. Kama mtangazaji alitaka kusema tu kwamba bunduki zimenyamaza tangu juzi, basi amempa mtu yule neno lisilo lake. Na gharama yake hailipwi na mtangazaji.

Habari za mikataba hutufikia kwanza kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Waingereza husema "peace", Wafaransa "paix". Hayo mawili ni watoto wa neno moja la Kilatini, "pax", ambalo wazee wetu walilizoea katika Misa ya zamani. Na "pax" yenyewe ni ndugu wa tendo la Kilatini lenye maana ya kupatana, kufunga mkataba. Ndiyo maana katika ukoo wake Kiingereza kina "pact", yaani mapatano. Kina "pay", yaani kulipa, kwa sababu hapo zamani kumlipa mdai kulikuwa ni kumtuliza. Tena kina "appease", yaani kumpoza mwenye hasira kwa kumpa anachotaka. Tazameni ukoo huo: mkataba, malipo, kupoza. Ni ukoo wa watu waliokaa mezani, wakahesabiana, wakatia sahihi, wakaondoka.

Hatusemi kwamba Waingereza hawajui amani nyingine. Wanaijua, lakini neno lao moja limebebeshwa mizigo mingi. Katika sheria zao za kale, mtu aliyepigana njiani alishtakiwa kwamba amevunja "peace" ya mfalme, maana yake utaratibu wa nchi. Mzazi aliyechoka na makelele ya watoto huomba "peace", maana yake kimya. Juu ya kaburi huandikwa neno lile lile, maana yake pumziko. Mataifa mawili yakiacha kupigana, lile lile tena. Mwingereza mwenyewe hutambua mzigo upi umekusudiwa kwa kutazama mahali neno lilipokaa. Sisi tunaotafsiri ndio tunaopotea, kwa maana kila likija "peace" twaandika amani, tukaendelea na safari.

Kumbe neno letu lina ukoo mwingine kabisa. Amani ilitoka katika Kiarabu, na ndugu zake twawajua wote: imani, kuamini, uaminifu, amana. Hata "Amina" tunayofungia sala, ambayo ni ya Kiebrania, ni ya mzizi ule ule, kwa sababu Kiebrania na Kiarabu ni lugha za jamaa moja. Kwa Waarabu neno hilo lilitaja pia ahadi ya ulinzi apewayo mgeni, hata adui, apite bila kudhuriwa. Basi amani, kwa ukoo wake, si karatasi. Ni hali ya mtu anayeweza kumwamini mwenzake.

Mfano wake ni huu. Mama anayekimbia vita humwachia jirani sufuria zake na cherehani yake. Ameweka amana. Akirudi akavikuta, hapo amani ina mahali pa kuanzia. Asipovikuta, mikataba kumi haitamlaza usingizi karibu na ukuta wa jirani yule.

Hata hivyo tusilifanye neno kuwa dawa. Asili ya neno si sheria ya neno. Kiswahili kilifika ufukoni mwetu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa; Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuijua njia. Neno amani lilikuja midomoni mwa watu ambao wengine wao mikononi walishika minyororo. Kwa hiyo neno zuri peke yake halimzuii mtu kutenda ubaya. Lakini babu zetu walilipokea, wakalitia maana, wakalea watoto nalo. Leo ni letu, na sisi ndio tutakaoulizwa tumelitunzaje.

Tuwatazame sasa majirani zake, mmoja mmoja.

Wa kwanza ni kimya. Kimya ni sauti kutosikika. Usiku baada ya mapigano, njia za Mulongwe huwa na kimya kikubwa: hakuna redio, hakuna mtoto aliaye, hata mbwa wamenyamaza. Je, ile ni amani? La, hasha. Ni woga uliofunga mlango kwa ndani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nao hawakuwa wakisifu.

Wa pili ni utulivu. Mvuvi wa Kalundu akiona ziwa limetulia hufurahi, naye hutoa mtumbwi. Lakini halali usingizi huko katikati ya maji, kwa maana ajua kwamba utulivu wa ziwa ni wa saa ile tu, na upepo hauombi ruhusa. Utulivu ni kitu chema. Ni habari ya leo, si ahadi ya kesho.

Wa tatu ni usalama. Mtu yu salama ikiwa mwili wake na mali yake havidhuriki. Usalama waweza kuletwa na askari mlangoni. Tena mfungwa aliye gerezani aweza kuwa salama kuliko mtu aliye nje, lakini hakuna atakayesema kwamba ana amani.

Wa nne ni mapatano, pamoja na ndugu yake suluhu. Hapo wagomvi wameacha ugomvi kwa masharti. Tena yafaa kutofautisha: kusimamisha mapigano ni kushusha silaha kwa muda, suluhu ni kumaliza shauri lenyewe lililowagombanisha. Mtu aweza kusimamisha mapigano ili apate nafasi ya kuongeza risasi.

Baada ya hao wote ndipo huja amani yenyewe. Yawahitaji majirani wake, lakini si mmoja wao. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba amani ni utulivu unaotoka katika mpango mwema, kila kitu kikikaa mahali pake pa haki. Utulivu usio na mpango huo ni ziwa la asubuhi tu.

Kwa kipimo hicho, tuyapime baadhi ya maneno tuliyopewa miaka hii.

Mwezi wa Januari 2009 majeshi ya Kongo na ya Rwanda yalifanya pamoja operesheni katika Kivu ya Kaskazini, ikaitwa Umoja Wetu. Mwezi wa Machi ikafuata Kimia II, ambayo baadaye ilifika Kivu ya Kusini. Kimia ni neno la Kilingala lenye maana ya utulivu na amani. Sisi Waswahili twasikia ndani yake kimya chetu. Mwezi wa Januari 2010 ikaja nyingine, nayo iliitwa Amani Leo. Hayo yote yalikuwa majina ya kazi ya vita. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba kati ya Januari na Septemba 2009 raia zaidi ya 1,400 waliuawa katika Kivu zote mbili, wengine mikononi mwa waasi, wengine mikononi mwa askari wa serikali na wenzao.

Hatubishani hapa kama operesheni zile zilikuwa za lazima au sivyo. Hilo ni shauri lingine. Twasema juu ya jina. Daktari haiiti sindano "afya", aiita sindano, na mgonjwa hujiandaa kwa maumivu. Aliyeita vita "Amani Leo" alimnyima mwananchi neno la kulalamikia, maana ni nani atakayesema hadharani kwamba amani imechoma nyumba yake? Baadaye operesheni nyingine ziliitwa Sukola, yaani kuosha kwa Kilingala. Ni jina kali, lakini angalau halikujisingizia kuwa amani.

Tuendelee. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulianzisha misheni yake Kongo, na askari wa kofia za buluu wakaitwa walinda amani. Kwa Kiingereza jina hilo laeleweka, kwa sababu palikuwa na karatasi ya kulinda: mkataba wa kusimamisha mapigano uliotiwa sahihi Lusaka mwezi wa Julai 1999. Lakini fikirini mtu wa Makobola, kusini mwa Uvira, ambako mwanzoni mwa mwaka ule ule watu wengi walikuwa wamezikwa baada ya mauaji makubwa. Akisikia kwamba wamekuja walinda amani, je, si haki yake kuuliza: amani ipi hiyo wanayoilinda? Mtu akimcheka na kusema kwamba haelewi mambo ya dunia, amekosa. Yule ameelewa Kiswahili vizuri. Kitu hulindwa kikiwepo. Kama wangeitwa wasimamizi wa mapatano, hakuna ambaye angewadai kile ambacho hawakutumwa kukileta, na kile walichotumwa kukifanya wangedaiwa kwa haki. Askari wale wa kofia za buluu waliondoka Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024, na hata leo watu hubishana kama walifanya kazi yao. Ubishi ule una sababu nyingi; mojawapo ni lile jina.

Lakini tusilaumu tu; panapostahili sifa tusifu. Mkataba uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 24 Februari 2013 ulitaja katika jina lake mambo matatu: amani, usalama, na ushirikiano. Walioandika jina lile walijua kwamba amani na usalama ni vitu viwili. Ni sisi tuliofupisha vinywani, tukasema "mkataba wa amani", na neno la pili likaanguka njiani. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule katika bonde la Ruzizi, watu wasiopungua 30 waliuawa, na wengine wao walikuwa wamekusanyika kusali. Kilichokosekana usiku ule kilikuwa ni lile neno la pili: usalama.

Na habari ya karibu zaidi wote mnaijua. Tarehe 4 Desemba 2025, huko Washington, marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano yao mbele ya rais wa Marekani. Redio zilisema amani. Tarehe 10 Desemba wapiganaji wa M23 waliingia Uvira, na maelfu ya watu walikuwa wamevuka au wakivuka kwenda Burundi. Je, tangazo lilikuwa la uongo? Kwa Kiingereza cha wanasheria, hapana: serikali mbili zilikuwa zimepatana, na hilo ndilo "peace" ya ukoo wa mkataba. M23 hawakuwa kati ya waliotia sahihi Washington. Mazungumzo yao na serikali yalikuwa Doha. Kama tungeambiwa kwa Kiswahili kinyofu kwamba serikali mbili zimetia sahihi mapatano, na kwamba wapiganaji walio njiani hawamo katika mapatano hayo, mtu wa Kavimvira angejua kukaa macho. Alipoambiwa amani, alikuwa na haki ya kudhani kwamba aweza kulala.

Kuna atakayetujibu: ninyi mnahangaika na maneno, na watu wanakufa kwa risasi. Twakubali kwamba neno halizuii risasi. Lakini neno humwambia mtu arudi au angoje, alime mbali au alime karibu na nyumba, amtume mtoto shuleni au asimtume. Katika nchi ambamo wengi hawana kitu cha kuwakinga isipokuwa habari, habari isiyo sahihi ni ukuta uliobomolewa.

Mwingine atasema: watu wanahitaji matumaini, msiwanyang'anye neno lao. Jibu letu ni hili: tumaini lisemwe kama tumaini. Aseme mtu "twatumaini amani", "twaiomba amani", "twaitafuta amani". Hakuna ubaya. Ubaya ni kuchukua ombi na kulitangaza kama habari. Mtu akidanganywa hivyo mara tatu, mara ya nne hatasadiki hata ikiwa kweli. Hapo aliyepoteza si mtangazaji peke yake. Neno lenyewe limekufa, na imani, ndugu yake, imeumizwa pamoja nalo.

Kanisa letu lina fundisho zuri juu ya jambo hili, nalo limo ndani ya Misa tunayoizoea. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, haikuweka ishara ya amani karibu na komunyo kama ilivyo katika mpango wa kawaida wa Kirumi. Iliiweka mapema zaidi: kwanza twasikiliza Neno la Mungu, kisha twafanya toba, kisha twapeana amani, ndipo vipaji hupelekwa altareni. Tafakarini mpango huo. Hatupeani mikono kabla ya kukiri dhambi, na hatutoi vipaji kabla ya kupeana mikono. Anayenyosha mkono bila toba amesalimia tu. Salamu ni njema, lakini tusiiite amani.

Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya tarehe 11 Aprili 1963, aliijenga amani juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Ukweli ndio wa kwanza kutajwa. Basi kuviita vitu kwa majina yao ni sehemu ya kujenga, wala si mapambo yake.

Jimbo letu limekwisha kuonyeshwa jambo hilo kwa macho. Tarehe 28 Novemba 1964 wamisionari Wasaveri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kanisa liliwatangaza wenye heri. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita. Ingekuwa rahisi kukaa kimya, kwa kuwa wengi waliokuwepo wamekwisha kufa, na kutaja mauaji ya zamani huamsha machungu. Kanisa halikuchagua kimya. Liliyataja mauaji kwa jina lake, likawataja waliouawa kwa majina yao, wala halikudai kisasi kwa mtu yeyote. Kusema kweli bila kulipiza ni kitu kingine kabisa na kunyamaza.

Kwa hiyo twawaomba wote wanaosema mbele ya watu, makatekista, walimu, wasomaji wa matangazo baada ya Misa, na vijana wa redio, washike mambo haya machache. Bunduki zikinyamaza, semeni bunduki zimenyamaza, na tangu lini. Njia ikipitika, tajeni njia ipi, kutoka wapi hadi wapi, na semeni njia ni salama kwa leo. Karatasi ikitiwa sahihi, semeni mapatano, mtaje nani ametia sahihi na nani hakutia. Wagomvi wakimaliza shauri lao, semeni suluhu. Neno amani liwekeni akiba kwa siku ambayo mtu aliyekimbia atarudi, atamkuta jirani yake, atapewa amana yake, na wote wawili watalala bila kuweka mlinzi.

Na wazazi waliowaita watoto wao Amani wasihuzunike kwa haya tuliyoandika. Wao hawakutangaza habari. Walitoa ombi, nao hulirudia kila siku wanapomwita mtoto aje kula. Ombi hilo ni halali, na wasiache kulitaja.